Mkoba wa huduma ya kwanza niliolazimika kuufungasha upya

Mpwa wangu aliteleza kwenye mawe karibu na maporomoko ya Sheldrick, ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, Kenya. Ilikuwa yapata saa tano asubuhi. Alipoinuka, ngozi chini ya goti ilikuwa imefunguka na damu inachuruzika hadi ndani ya kiatu. Nikafungua kisanduku cha huduma ya kwanza nilichokinunua kikiwa kimeshapangwa. Plasta zilikuwa zimegandana na karatasi zake, gundi imeyeyuka. Bendeji ilikuwa na upana wa vidole viwili. Makasi hayakukata hata uzi. Damu ile ilizuiwa na leso ya wifi yangu, aliyoivua begani akanipa, nami nikaikandamiza kwa viganja vyote viwili.

Tangu siku hiyo sinunui kisanduku kilichopangwa na mtu asiyejua ninakokwenda. Ninajaza mwenyewe, kitu kimoja kimoja, na siweki ndani kitu ambacho mikono yangu haijawahi kukitumia.

Kwanza, joto letu. Kile kisanduku kilikaa kwenye buti ya gari kwa miezi. Dawa nyingi zimeandikwa kwenye pakiti zisihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 30, na gari lililoegeshwa juani pale Mwembe Tayari, Mombasa, huvuka nyuzi hizo hata kabla ya adhuhuri. Ongeza unyevu wa bahari. Sasa vitu vyangu vinakaa kabatini nyumbani, ndani ya kopo la plastiki la chakula lenye kifuniko cha kubana, na vinaingia kwenye gari asubuhi ya safari tu. Kopo hilo likitumbukia mtoni halipitishi maji, jambo ambalo mikoba mingi ya kitambaa haiwezi.

Sehemu kubwa ya kopo langu ni ya damu. Glavu jozi nne. Pakiti kumi za gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufunika jeraha. Krepu mbili, yaani bendeji zinazonyumbulika, moja ya sentimita 10 na nyingine ya sentimita 15, kwa sababu hiyo hiyo hufunga jeraha na pia kifundo cha mguu kilichoteguka. Plasta ya mkanda, pini, na makasi ya kweli yanayokata suruali ya jinzi. Na leso moja kuukuu, safi, iliyofuliwa ikalainika. Leso hukunjwa pembetatu ikabeba mkono uliovunjika, hukunjwa nene ikazuia damu, hutandikwa chini mgonjwa akalala. Mama zetu walikuwa na kifaa hiki muda wote.

Kuzuia damu ni kukandamiza, na kukandamiza ni subira. Weka gozi juu ya jeraha, kandamiza kwa nguvu dakika kumi kamili ukitazama saa, usichungulie. Mimi siku ile nilichungulia mara tatu, na kila mara damu ilianza upya. Gozi ikilowa, usiibandue, ongeza nyingine juu yake. Damu ikishakatika, jeraha lioshwe kwa maji mengi safi ya kunywa. Ninabeba sirinji kubwa isiyo na sindano ili maji yaingie kwa msukumo na kutoa mchanga. Spiriti usiimimine ndani ya jeraha, inachoma nyama iliyo hai. Na muulize kila mtu kabla ya safari alichomwa lini sindano ya pepopunda.

Sasa nyoka, maana hapa ndipo watu wetu wanapokatwa miguu bila sababu. Nimekutana na wanaobeba wembe, kamba, na lile jiwe jeusi linaloaminika kunyonya sumu. Ondoeni vyote. Ukichanja unaongeza jeraha na damu. Jiwe halinyonyi chochote. Ukifunga kamba kwa nguvu juu ya alama za meno ya bafe, ambaye sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama, unazuia damu isifike mguuni na unaharakisha kuupoteza. Kwa nyoka ninabeba vitu vitatu tu: krepu ya kufungia mguu au mkono kwenye kijiti usitikisike, bila kubana, kalamu ya wino, na namba za simu. Vua pete, bangili na viatu mapema kabla uvimbe haujafika. Chora mstari mahali uvimbe ulipoishia, uandike saa. Mwambie mgonjwa atulie, abebwe, asitembee. Daktari akiuona mstari ule anajua uvimbe unakimbia kiasi gani. Kumfukuza nyoka ili aletwe hospitali ni kutafuta mgonjwa wa pili. Swila akikutemea sumu machoni, osha kwa maji mengi papo hapo, kisha hospitali.

Siku moja kabla ya safari ninapiga simu hospitali iliyo njiani na kuuliza kama wana dawa ya sumu ya nyoka. Si kila hospitali inayo, na afadhali uambiwe hivyo ukiwa nyumbani.

Upungufu wa maji mwilini umetusumbua mara nyingi kuliko jeraha lolote. Ninabeba pakiti sita za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na kuchanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Zikiisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dafu ni tamu na linaburudisha, lakini chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo anayeharisha usimtegemeze dafu peke yake.

Vidonge si vingi: paracetamol, cetirizine ya mwasho na mizio, na dawa za kila mmoja anazotumia kila siku, pamoja na pampu ya mwenye pumu. Aliyeumwa na nyoka apewe paracetamol, si aspirin wala ibuprofen, maana hizo huzidisha kutoka damu.

Chini ya kifuniko nimebandika karatasi, kwani msituni simu hukosa mtandao au chaji: 999, 112, 1199 ya Msalaba Mwekundu, namba ya hospitali, na majina yetu na mizio ya kila mmoja. Usiku wa kuamkia safari tunakaa barazani, kila mtu anafunga krepu kwenye mguu wa mwenzake. Mpwa wangu ndiye mwepesi kuliko wote. Kovu lake chini ya goti lina urefu wa kidole cha shahada, na kila tunapofanya zoezi anataka mguu ule ule ndio ufungwe.