Tableti kwa mtoto anayechelewa kukua: usimpe dada yake

Usimpe dada yake. Shika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Mleta mada ameandika kwamba mwanawe ana miaka sita, alichelewa kukaa na kutembea, hospitali wakasema ni mtindio wa ubongo wa kiasi, mkono wa kulia umekaza na maneno bado ni ya kuhesabu. Anauliza anunue tableti gani, programu ipi ina Kiswahili, mtoto akae nayo muda gani kwa siku, na kama bima inaweza kubeba sehemu ya gharama. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, akatupia: "Dada yake yuko darasa la nne, ni mwepesi sana, atakuwa anamwelekeza." Watu wote mmepita hapo mkibishana Samsung na Tecno. Hakuna aliyeshtuka.

Mimi nimeshtuka, kwa sababu nyumbani kwangu ilianza na sentensi hiyohiyo. Binti mwepesi, mdogo wake mzito, tableti mpya, wazazi tumekaa sebuleni tunawasikiliza wakicheka chumbani na tunajiona tumepata dawa.

Dada yangu mleta mada, elewa kwanza hiki kitu kinafanyaje kazi. Programu ya kujifunzia inayojirekebisha haifuati mpangilio wa kitabu. Kila mtoto anapogusa kioo inaandika: amepata au amekosa, ametumia sekunde ngapi, ameomba msaada au la. Kutokana na hayo inakadiria anajua nini, ndipo inachagua swali linalofuata. Akipata mfululizo inampandisha, akikosa inamshusha au inamrudishia somo. Basi. Haimwoni aliyegusa. Nilikuja kusoma baadaye, nikiwa nimeshaungua, kwamba njia moja maarufu ya kukadiria huko ni ile waliyoiandika watafiti Corbett na Anderson mwaka 1995. Wameweka nafasi ya mtoto kubahatisha jibu asilolijua. Wameweka na nafasi ya mtoto kuteleza kwenye jibu analolijua. Wataalamu wale waliwaza mengi, ila dada mtu hawakumwazia.

Na dada mtu hana ubaya. Anamwona mdogo wake anahangaika, kidole kinatetemeka, kinatua pembeni ya picha, kengele ya kosa inalia, mtoto anakunja uso. Dada anamshika mkono, anauelekeza. Nyota zinamwagika, mtoto anacheka, na wewe ungefanya hivyohivyo. Tatizo ni kwamba kila nyota inampandisha mdogo wake ngazi asiyoiweza, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, kwa hiyo msaada unaongezeka, kwa hiyo ngazi inapanda tena. Mwisho anayesoma ni dada na mdogo ni mtazamaji. Ni sawa na kumpima mtoto kliniki huku mama amekanyaga mizani: kadi inapendeza, mtoto anakonda.

Kwetu ilikwenda hivyo kwa miezi. Ripoti kila Ijumaa kwenye barua pepe, grafu ya kijani imepanda kama ngazi ya kupandia dari. Anajumlisha mpaka 20! Anasoma silabi! Mke wangu alilia kwa furaha, mimi nikaituma kwa ndugu wote mpaka shangazi wa Kahama ambaye hana habari na grafu. Dalili zilikuwepo, hatukutaka kuziona. Ripoti ilionyesha kijana wangu anajifunza saa tatu usiku, wakati huyo mtoto saa moja na nusu ameshalala fofofo. Tena ilituonya kwamba ana udhaifu wa kutofautisha "dh" na "th". Udhaifu huo ni wa binti yangu, anao mpaka leo. Kwa hiyo kama kuna mtu anauliza programu ilikuwa nzuri kiasi gani, ilikuwa nzuri sana, ilimpima binti yangu kwa usahihi wa kutisha.

Hapo tungekomea ingekuwa hasara ya pesa tu, na pesa hutafutwa. Sisi tulichukua ile ripoti tukaifanyia uamuzi.

Kijana alikuwa kwenye kitengo cha elimu maalumu kwenye shule ya msingi ya karibu. Mwalimu wake wa kitengo ni mama mmoja mtaratibu ambaye hana haraka na mtu. Alikuwa anamfundisha kuvaa viatu, kusubiri zamu, kuhesabu vizibo vya soda mpaka vitatu. Mimi na ripoti yangu nikaona anamchelewesha. Mtoto anajumlisha mpaka 20 na wewe uko kwenye vizibo vitatu? Nikachapisha kurasa za rangi steshenari, nikaenda kwa mwalimu mkuu nikadai ahamishiwe darasa la kawaida. Mwalimu mkuu alisita. Mwalimu wa kitengo aliomba jambo moja tu: aliweka vizibo vitano mezani akamwambia kijana, "Nipe vitatu." Kijana akasukuma vyote vitano. Nikasema amechoka, ni jioni. Nikasema na mengine ambayo siyarudii hapa kwa kuwa yule mama huenda anapita jukwaani.

Akahamishwa. Darasa lina watoto wamebanana watatu watatu kwenye dawati, mwalimu mmoja, ubao uko mbali. Hakuna aliyemfanyia ubaya wa makusudi. Alikaa tu. Alikaa, haulizwi, hajibu, akaanza kutafuna mikono ya shati mpaka inachanika. Neno "maji", alilolipata kwa jasho la mwaka, likapotea, akarudi kuonyesha kwa kidole. Nyumbani akiona tableti anaitupa. Na kwa vile ripoti ilikuwa inasema "maendeleo bora", tulikuwa tumeshaanza kuruka siku za mazoezi ya viungo, maana nauli ni nauli na foleni ni foleni. Ule mkono uliokaza ukakaza zaidi. Mtaalamu wa mazoezi alipoushika tena hakutugombeza, alinyamaza tu akaanza upya, na mimi ningependelea kugombezwa.

Tukaomba arudi kitengo. Nafasi ilikuwa imechukuliwa na mtoto mwingine, kwa haki kabisa. Tulisubiri muda mrefu mpaka ikapatikana. Huo muda hakuna programu itakayonirudishia, iwe inajirekebisha au haijirekebishi.

Sasa niseme kuhusu kijana wa mauzo aliyetuuzia hiyo programu. Ukumbi wa hoteli, semina ya wazazi, chai na sambusa za bure, na mzazi ukishaona sambusa ya bure ujue wewe ndiye kitoweo. Amevaa tai, ana kipaza sauti cha sikioni, anasema "mtoto wako siyo mzito, mfumo ndio mzito". Ukumbi mzima unapiga makofi, wengine wanafuta machozi. Nikamuuliza, kwa mdomo wangu, kama mtoto hawezi kugusa vizuri itakuwaje. Akajibu akitabasamu: "Shirikisheni familia nzima, ndugu zake wamsaidie, programu itajipanga yenyewe." Itajipanga yenyewe! Mtu anauza chombo kinachotegemea mguso wa mtoto mmoja, halafu anakushauri uingize mikono ya ukoo. Aidha hakujua anachouza, au alijua. Sijui lipi baya zaidi. Tulilipa mwaka mzima mbele, pesa iliyozidi mshahara wangu wa mwezi, na nilipouliza maswali kwenye kundi lao la WhatsApp nikaondolewa kwa "kueneza hali hasi". Nikajiunga tena kwa namba ya mke wangu. Akaondolewa na yeye, hajaandika hata neno.

Kilichonikera kuliko yote ni kwamba alitumia jina la Tanga. Mtakumbuka lile shindano la Global Learning XPRIZE, la programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma na kuhesabu: tableti zilipelekwa kwenye vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wa miaka ya shule ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia darasani, zaidi ya asilimia 90 hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilishuka hadi karibu nusu, na mwaka 2019 timu za Kitkit School na onebillion wakashinda kwa pamoja, kila mmoja dola milioni 5. Ni jambo la kweli na la heshima, na programu zao zote mbili zilikuwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hapo una pa kuanzia kutafuta. Walioanzisha Kitkit ni mume na mke ambao wao wenyewe wana mtoto mwenye mahitaji maalumu. Programu niliyouziwa mimi haikuwa ya hao, haikuwa na undugu nao wowote, ila yule kijana aliipitisha Tanga kwenye slaidi kama vile na yeye alikuwepo.

Na angeisoma vizuri hiyo Tanga asingesema aliyoyasema. Watoto wale hawakupimwa kwa grafu ya tableti yenyewe. Walipimwa kwa vipimo vya kusoma na kuhesabu, EGRA na EGMA, ambavyo mtu anakaa na mtoto ana kwa ana, anampa herufi na maneno, anamsikiliza. Yaani waliotoa mamilioni ya dola hawakuiamini tableti ijisemee yenyewe. Mimi mwenye mshahara mmoja niliiamini.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaibandika kila uzi wa aina hii mpaka wasimamizi wanifungie: kwenye profaili ya mtoto, kidole ni cha mtoto peke yake. Dada asiguse, baba asiguse, bibi asiguse, binti wa kazi asiguse. Akikosa, akose. Kosa lake ndilo chakula cha programu, ndilo linaloiambia irudi chini mpaka mahali anapoweza. Ukimzuia asikose umeinyima habari pekee inayoihitaji.

Najua utaniuliza, sasa na mkono wenyewe haufiki? Swali zuri, na yule wa sambusa alipaswa kulijibu. Usisaidie jibu, saidia mwili. Mkalishe kwenye kiti ambacho miguu inakanyaga chini, siyo inaning'inia, maana mtoto wa namna hii akiyumba kiunoni mkono nao unayumba. Tableti iinamishwe kidogo na isiteleze, sisi tunaweka kitambaa kibichi chini yake. Kiwiko kiegemee meza. Kama upande wa kushoto ndio wenye nguvu, hamishia kushoto, usimlazimishe kulia kwa ajili ya adabu. Halafu ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu (Accessibility): kwenye simu na tableti nyingi unaweza kuongeza muda wa kugusa ili mguso wa bahati mbaya usihesabiwe, na nyingine zinapuuza miguso inayorudiarudia. Bandika programu (kwa Kiingereza "pin"), yaani ibaki hiyo peke yake kwenye kioo, ili asitoke nje kwa kiganja. Na kama programu ina swali la kukimbizana na saa, zima hiyo saa, na ikiwa haizimiki usiinunue, kwa sababu itamwandikia uzito wa mkono kuwa ni uzito wa akili. Huo ni upande wa pili wa kosa langu: sisi tulipandishwa kwa uongo, kuna watoto wanashushwa kwa uongo, wanaonyeshwa picha ya kuku na bata mwaka mzima wakati kichwani wamefika mbali.

Dada yake mfungulie profaili yake mwenyewe. Au fungueni ya tatu, muiite "Wote", humo mshikaneni mikono mpaka mchoke, hakuna anayepimwa. Binti yangu tulimpa kazi ya kuuliza maswali mezani: programu ikisema mdogo wake anajua tatu, yeye analeta maharage na kumwambia "nipe tatu". Anaipenda kazi hiyo kuliko kushika kidole, na ana ukali wa mkaguzi wa wizara.

Muda? Mfupi, asubuhi, kabla hajachoka, na usiruke mazoezi ya viungo kwa ajili yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 walisema wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja ya kioo kwa siku. Wako ana sita, lakini sioni sababu ya kumzidishia. Na kabla ya yote mpeleke akapimwe masikio na macho. Mtoto asiyesikia "s" vizuri programu itamrudisha kwenye "s" mpaka uzeeni.

Kama tableti imeshafika nyumbani na dada ameshaanza "kumwelekeza", usijaribu kurekebisha. Futa profaili, anza jaribio la kiwango upya, wewe kaa nyuma yake umekalia mikono yako mwenyewe. Ripoti itakayokuja itakuuma. Yetu ilianguka kutoka kujumlisha mpaka 20 hadi kutambua kimoja na viwili. Niliipeleka kwa mwalimu wa kitengo nikiwa natazama chini, akaisoma mara mbili, akasema hii ndiyo aliyokuwa anaitaka, akaenda kutafuta vizibo.