Ukipima Mwanza, kumbuka uko mita 1,135 juu ya bahari

Mashine nyingi za maabara zinazofika Mwanza zimesetiwa mahali palipo usawa wa bahari, iwe kiwandani ng'ambo au Dar es Salaam zilikopitia. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,135 juu ya usawa huo. Si mwinuko wa kumkata mtu pumzi, na ndiyo maana husahaulika. Lakini mgandamizo wa hewa ya hapa ni kama hektopaskali 885 badala ya 1,013, yaani pungufu kwa asilimia 13, na pengo hilo huingia kwenye vipimo vya damu, vya maji, vya picha za setilaiti, hata kwenye usalama wa vyombo vya upasuaji. Kurudia kipimo hakusaidii, kwa sababu kila ukirudia kosa linarudi lilelile.

Anza na namba yenyewe ya mgandamizo. Usichukue ya programu ya hali ya hewa kwenye simu, wala ya taarifa ya uwanja wa ndege. Hizo zimeshahesabiwa kana kwamba kila mji uko pwani, ndiyo maana zinasoma 1,014 au 1,016 hata ukiwa Nyegezi. Unayoitaka ni ya pale uliposimama. Baromita ndogo ya kidijitali, iliyozimwa marekebisho ya mwinuko, inatosha. Kama huna, chukua namba ya uwanja wa ndege uizidishe kwa 0.873. Mita kumi za kilima hubadilisha hektopaskali 1 tu, kwa hiyo usihangaike kama upo mwaloni Kirumba au umepanda kidogo.

Otoklevu, yaani chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye mgandamizo, ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, hasa zile zenye geji (saa ya mgandamizo) peke yake bila kihisi cha joto. Geji haisomi mgandamizo wote ulio ndani. Husoma tofauti kati ya ndani na nje. Mvuke ulioshiba wa digrii 121 una kilopaskali 205 (kilopaskali 1 ni hektopaskali 10). Pwani, hewa ya nje ni 101, geji inaonyesha 104, ambazo ndizo paundi 15 kwa inchi ya mraba zinazotajwa kwenye miongozo. Mwanza hewa ya nje ni 88.5 tu. Geji ikisimama kwenye paundi 15, ndani kuna kilopaskali 192, na mvuke wa kiasi hicho una digrii 119. Digrii mbili hizo si ndogo kwa spora, yaani mbegu sugu za bakteria: dakika 15 za joto la 119 zinafanya kazi ya dakika tisa na nusu za 121. Pandisha hadi paundi 17, lakini kwanza soma bamba lililopigwa kwenye chombo uone kinaruhusiwa kufika wapi. Kama valvu ya usalama inafunguka kabla ya hapo, usiiguse kabisa. Baki kwenye 15 na uongeze muda hadi dakika 25.

Hata geji ikiwa sahihi, hewa iliyobaki ndani inaharibu yote, kwa sababu hewa inaongeza mgandamizo bila kuleta joto la mvuke. Acha valvu ya kutolea hewa wazi mpaka mvuke utoke mfululizo bila kukatika-katika, uhesabu dakika 5 hadi 10, ndipo ufunge. Mkanda wenye mistari inayogeuka nyeusi unakwambia furushi limepita kwenye joto, basi. Hausemi lilikaa muda wa kutosha. Tumia kichupa cha spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayestahimili joto, kikae katikati ya mzigo na si juu karibu na mfuniko.

Kwa sababu hiyohiyo maji ya Mwanza huchemka kwenye digrii 96 na kidogo. Anayehakiki kipimajoto kwa maji yanayochemka asitafute 100; barafu inayoyeyuka bado ni 0 na ndiyo ya kuaminika zaidi. Na beseni la maji moto la maabara likisetiwa 98 halitazima kamwe, litachemka mpaka likauke.

Ziwani, mita ya oksijeni iliyoyeyuka isetiwe kwa hewa yenye unyevu: sponji lililoloa ndani ya kifuniko, subiri dakika 10 hadi 15, kisha ingiza mgandamizo halisi. Kwa maji ya digrii 25 yaliyoshiba hewa, namba sahihi hapa ni karibu miligramu 7.2 kwa lita. Ukiona 8.26, mita bado inadhani iko pwani, na itakuzidishia kila kipimo kwa asilimia 15. Kwenye vizimba vya sato hilo ni jambo zito: utaandika 3.45 wakati samaki wana 3.0. Usiripoti asilimia ya ushibaji peke yake, kwani mita nyingine huihesabu kwa hewa ya mahali na nyingine kwa hewa ya pwani.

Himoglobini, kemikali ya damu inayobeba oksijeni, inataka uangalifu wa aina nyingine, maana hapa mashine haikosei. Mwili unaoishi juu hutengeneza himoglobini zaidi kufidia hewa nyepesi, kwa hiyo lazima upunguze kabla ya kulinganisha na mipaka ya upungufu wa damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unaondoa gramu 8 kwa lita kuanzia mita 1,000 hadi 1,499. Jedwali la zamani liliondoa 2 tu kwa mita 1,000. Mwanamke asiye mjamzito aliyepimwa 125, mpaka ukiwa 120, kwa jedwali la zamani anabaki na 123 na anahesabiwa mzima. Kwa jipya ana 117, ana upungufu. Huku ambako kichocho, minyoo na malaria hukutana ndani ya mtoto mmoja, ukilinganisha utafiti wa miaka kumi iliyopita na wa sasa bila kutazama jedwali, utatangaza kwamba hali ya Ukerewe au Sengerema imekuwa mbaya kumbe kilichobadilika ni hesabu. Angalia pia vizio: mashine ikisoma kwa desilita, unaondoa 0.8, si 8. Na marekebisho yafanyike mara moja, kwenye uchambuzi. Yakifanyika pia kwenye fomu ya shambani, yamefanyika mara mbili.

Kwa wanaofuatilia mwani wa Ghuba ya Mwanza kwa picha za setilaiti ya Sentinel-2: hewa yenyewe hutawanya mwanga, na programu huondoa mtawanyiko huo kabla ya kukupa rangi ya maji. Ikiachwa na 1,013, huondoa kuliko inavyopaswa, na maji, ambayo ni meusi kiasili, hutoka na namba hasi kwenye bendi (sehemu ya mwanga) ya bluu. Ingiza 885. Bendi ya nanomita 705 huumia kidogo sana, kwa kuwa mtawanyiko wake ni karibu robo ya ule wa 490, yaani wa bluu. Ndiyo sababu uwiano wa 705 na 665 tunauamini zaidi kwa mwani wa hapa. Sampuli za kulinganishia zichotwe karibu na saa tano asubuhi, setilaiti inapopita.

Jenereta ya petroli yenye kabureta hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu yake kwa kila mita 300 za mwinuko. Ya kilowati 5 ihesabu kama 4.3, kabla hujaunganisha friza ya sampuli.

Kwenye faili la data weka safu tatu: namba ghafi, mgandamizo wa siku hiyo, na namba iliyorekebishwa ikiwa na jina la jedwali lililotumika. Namba ghafi isifutwe. Jedwali likibadilika tena, hiyo ndiyo utakayoanza nayo upya.