Klematisi isiyotambaa kwa kiwanja kidogo cha Arusha

Ukimtajia mtu klematisi, anawaza ua la kupandisha ukutani. Na kwa kuwa ukuta wake umeshachukuliwa na bogenvilia, anaachana nalo. Hajui kwamba zipo zisizotambaa. Zile za kutambaa huzungusha vikonyo vya majani kwenye waya au tawi la jirani. Hizi hazishiki kitu, zinasimama zenyewe au kulala kidogo juu ya mimea ya jirani.

Ninayoipenda ni Clematis integrifolia, asili yake Ulaya na Asia, na kwa kawaida haifiki mita moja. Ua lake limeinama, zambarau iliyokolea, vipande vinne vilivyojipinda nchani. Likishapukutika, mbegu huota manyoya yanayong'aa kama mvi. Wengine huyakata wakidhani ni takataka. Mimi siyagusi.

Kitu kikubwa ni mizizi kukaa kwenye ubaridi huku majani yakipata jua. Arusha, iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hilo linawezekana: panda upande wa mashariki wa nyumba, lipate jua la asubuhi, kisha tandaza majani makavu ya mgomba juu ya udongo, mbali kidogo na shina. Moshi mjini ni chini zaidi na joto ni kali. Kama una shangazi Kibosho au Marangu, mwombe kona ya bustani yake.

Masika ndiyo mtihani. Maji yakituama, shina linaoza kuanzia chini, kwa hiyo mwenye udongo mzito ainue tuta na achanganye mchanga na samadi iliyooza kabisa. Kisha konokono. Wanapenda machipukizi mapya, na dawa yao ya kweli ni kutoka na tochi usiku ukawaokota.

Huku hatuna ule msimu wa baridi wa Ulaya wa kuliua jani lote, basi ni sisi wa kulipumzisha. Baridi ya Juni na Julai inapokaribia kwisha, nakata matawi yote mpaka karibu na ardhi. Mama mkwe aliniona na mkasi akasema, "Mwanangu, si ungeling'oa tu?" Maua hubebwa na matawi mapya, kwa hiyo usione huruma. Vaa glavu tu, utomvu wake unawasha.

Miche ni adimu kwenye vitalu vya barabarani, na muuzaji asiyejua atakupa ya kutambaa, kwa hiyo angalia vikonyo kabla ya kulipa. Ukitaka kuagiza nje, usifiche mbegu kwenye begi. Pitia TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao yao makuu yako hapa hapa Ngaramtoni, Arusha, uulizie kibali. Ukipata mbegu, panda na usahau kidogo, maana zinaweza kukaa miezi mingi ndipo zichipue.