Sindano ya uvimbe wa mbwa: pima kwanza
Ndugu yangu wa Ujiji, uliyeuliza kuhusu mbwa wako mwenye uvimbe unaovuja damu kwenye uume, pole. Hiyo Stelfonta uliyoisoma, dawa ya sindano ya uvimbe wa mbwa, usiiagize bado. Kweli huchomwa ndani ya uvimbe wenyewe, ila imeidhinishwa kwa saratani ya seli za masti (aina ya seli za kinga ya mwili) tu, na huacha kidonda kikubwa.

Uvimbe unaovuja damu kwenye uume wa mbwa anayezurura huenda ni ule wa kuambukizana kwa kupandana. Daktari wa mifugo avute chembe kwa sindano nyembamba, azitazame kwa hadubini. Ikithibitika, dawa ni vinkristini, dawa kali ya saratani, inayochomwa mshipani, mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Ikivuja nje ya mshipa, nyama inaoza. Usithubutu kuchoma mwenyewe! Seli nyeupe za damu zipimwe kabla ya kila dozi. Ukisafisha mkojo wa mbwa, vaa glavu, maana dawa hutoka humo.