Kama unafanya sanaa na mwenzako, angalieni Topsy-Turvy kabla hamjagombana

Kama wewe ndo unaandika maneno na mwenzako anatengeneza muziki, au mko wawili watatu mnafanya vichekesho vya jukwaani, itafuteni muvi inaitwa Topsy-Turvy, ya Mike Leigh, ya mwaka 1999. Ni ndefu, inakaribia masaa mawili na dakika arobaini, na mwanzoni utaona kama haiendi popote, vumilia tu. Mimi ni wa maneno, mwenzangu ni wa kinanda, na sijaona muvi nyingine inayoonesha ugomvi wetu jinsi ulivyo, yaani ule wa adabu nyiiingi huku kila mtu amevimba.

Stori iko London, 1884. Gilbert anaandika, Sullivan anatunga muziki, opera za kuchekesha, na wameshatamba kweli, H.M.S. Pinafore peke yake ilipigwa mara 571. Sasa wanatoa Princess Ida, inapokelewa vuguvugu. Sullivan kashapewa u-Sir, anataka kuandika muziki mzito, na Gilbert ndo kwanza anamletea stori nyingine yenye dawa ya maajabu, kitu ambacho walishakifanya. Jamaa anakataa. Na mkataba wao na D'Oyly Carte, mwenye ukumbi wa Savoy, unasema Carte akitoa notisi ya miezi sita lazima opera mpya ije.

Hapo wanapokataliana rudieni mara mbili. Sullivan hamwambii mwenzie hajui kuandika, anamwambia stori ya aina hii hana tena muziki wake, anataka watu wenye hisia za kibinadamu. Gilbert anaitetea tu ileile. Ushauri wangu ni huu, mwenzio akisema hii siiwezi usianze kutetea, muulize ni kitu gani hasa, kimoja, na yeye aseme angependa nini badala yake. Sisi tuna sheria kwamba anayekataa lazima aje na kitu mkononi, na haya mambo hatuyaongei kwa voisi noti usiku maana sauti ya mtu aliyechoka inasikika kama matusi.

Af kuna ile ya upanga. Gilbert anaburutwa na mkewe kwenye maonyesho ya Kijapani Knightsbridge, ananunua upanga, unadondoka kutoka ukutani, pap, wazo la opera yao The Mikado! Tamu, ila msiiamini sana. Yale maonyesho yalifunguliwa Januari 1885 na Gilbert alikuwa ashaanza kuiandika kitambo. Kwaiyo usikae unasubiri kitu kikudondokee, kaa mezani.

Kilichonikamata zaidi mimi ni mazoezi. Gilbert anawasimamisha waigizaji neno kwa neno, hatua kwa hatua, anataka mstari usemwe vilevile ulivyoandikwa, sio "kama" ulivyoandikwa. Anawaleta wanawake wa Kijapani kutoka kwenye maonyesho wawaoneshe waimbaji jinsi ya kutembea na kushika kipepeo cha kujipepea. (Ndiyo, ni Waingereza wanajipaka na kujifanya Wajapani, na muvi haifichi jinsi walivyokuwa hawajui kitu, lile zoezi la kutembea linachekesha na linatia aibu kwa pamoja.) Bongo tunapenda sana kusema "tutaflow jukwaani." Vichekesho haviflow ndugu zangu, kicheko kinahesabiwa, ukichelewa sekunde moja kimekufa.

Lakini huyo huyo mkali, siku za mwisho anaukata wimbo wa Richard Temple, yule anayecheza Mikado mwenyewe, yaani mfalme wa Japani, na waimbaji wa kawaida wa kundi wanamfuata kumuomba aurudishe. Anaurudisha. Na wimbo ukaja kupendwa kweli. Kwaiyo kabla hamjakata kitu waulizeni wanaosimama nyuma jukwaani, wale wanasikia watazamaji kuliko nyie mliojifungia na laptop. The Mikado ilifunguliwa tarehe 14 Machi 1885, ikapigwa mara 672.

Kitu ambacho muvi haikuonesha, ila nakisema kwa sababu ndo kinawaua wengi: mwaka 1890 Gilbert aligombana na Carte kuhusu gharama, zulia jipya la ukumbi likiwemo, Sullivan akasimama na Carte, wakafikishana mahakamani. Zulia jamani! Walikuja kufanya opera mbili tu baada ya hapo na hakuna iliyofika kwenye ile ya Mikado. Kwaiyo andikeni mapema gharama ipi inatoka kwenye mfuko wa wote, nani anaidhinisha, na mtu wa tatu wa kushika hesabu awepo, asiwe mke wa mmoja wenu. Kwetu hata hela ya bodaboda ya kupeleka spika inaandikwa na wote tunasaini, anayecheka acheke.