Kuchoma CD ya nyimbo: weka spidi gani, na kwa nini 52x uiache

Watu bado wanachoma CD, msinicheke. Hapa Arua, Uganda, flashi zimejaa kila kona lakini magari mengi yaliyotumika Japani yanakuja na redio ambayo maandishi yote ni ya Kijapani, haina tundu la flashi, ina mdomo wa CD tu, halafu na watu wa kwaya nao wanataka kitu cha kushika mkononi cha kuuza baada ya ibada. Kwa hiyo kazi haijafa, na vijana wanaoanza wananiuliza swali lile lile, niweke spidi gani?

Jibu la haraka ni 16x. Raita yako, yaani kile kifaa cha kuchomea CD, ikikosa 16x chukua iliyo karibu, 12x au 24x. Sasa ngoja nieleze, maana kuna mafundi watakuambia weka 1x ndiyo sauti inatoka safi, na wengine watakuambia spidi zote ni sawa tu, na mimi sikubaliani na wote wawili.

Hii x kwanza. 1x ni spidi ya kusikiliza, yaani CD ya dakika 80 ukiichoma kwa 1x utaitazama dakika 80. Kwa 16x ni dakika 5 na muda kidogo wa kufunga diski, ile hatua ya mwisho inayoifanya isomeke kwenye redio. Sasa mtu akiona 52x anapiga hesabu anasema aa, dakika moja na nusu nimemaliza. Si hivyo bana. Raita ya 52x haianzi na 52x, inaanza kama 20x hivi huko ndani karibu na tundu la katikati, inapanda kidogo kidogo, hiyo 52x yenyewe unaipata pembeni kabisa diski ikiwa inaisha. Kazi nzima inakula karibu dakika 3, so umeokoa dakika mbili tatu tu, maji ya chai hayajachemka. Na kwa hizo dakika unaizungusha diski mara kama 10,000 kwa dakika moja, na diski za bei ya chini nyingine zimepinda kidogo au uzito wake hauko sawa pande zote, inatetemeka na leza inachora ovyo.

Hapo ndipo dereva wa teksi anarudi kukuambia ssebo (yaani bwana), nyimbo za kwanza ziko poa, za mwisho zinaruka. CD inaanza ndani inaenda nje, kwa hiyo nyimbo za mwisho ndizo zilizochomwa kwa spidi kubwa kuliko zote. Ukisikia dalili hiyo shusha spidi, mara nyingi inaisha.

Lakini redio ikikataa CD kabisa, inaizungusha zungusha halafu inaitema, usihangaike na spidi kwanza. Angalia kama uliifunga diski mwisho wa kazi. Angalia kama si CD-RW, ile ya kufuta na kuchoma tena, maana hiyo inarudisha mwanga kidogo sana ukilinganisha na CD-R, ile ya kuchoma mara moja tu, na redio nyingi za zamani haziioni. Na angalia kama hukuweka MP3 kama mafaili kwenye redio isiyojua MP3, hii ndiyo nyingi kuliko zote. Najua inauma, 700MB zinabeba kama saa 12 za MP3 za 128 kbps, lakini hiyo redio inataka CD ya sauti ya dakika 80, ile aina waliyokubaliana Philips na Sony mwaka 1980, na hakuna spidi itakayobadilisha hiyo.

Sasa wale wa 1x. Imani yao haikutoka hewani. Zamani raita zenyewe zilikuwa za 2x na 4x, diski zake zilitengenezwa kwa spidi hizo, na kompyuta zilikuwa zinachoka, data ikikatika katikati diski imekufa unaitupa. Mwaka 2000 hivi Sanyo walileta BURN-Proof, raita ikiishiwa data inasimama, inangoja, halafu inaendelea pale ilipoishia. Kwa hiyo kwenda polepole wakati ule kulikuwa na akili. Ila diski ya leo iliyoandikwa 52x ule utando wake wa rangi umetengenezwa upigwe na leza kali kwa muda mfupi sana, ukiivuta polepole mno alama zinaweza kutoka na kingo mbaya, makosa yakawa mengi kuliko ungeichoma kwa 16x. Raita nyingi mpya hata hazikubali 1x, unachagua na zenyewe zinapanda mpaka ile ndogo zinayoikubali, na fundi hajui, anakuambia amechoma 1x.

Halafu kuna umeme. 4x ni dakika 20, na huku kwetu dakika 20 bila kukatika usizitegemee kama huna betri, na ile BURN-Proof haiokoi diski umeme ukienda.

Na hii stori ya kwamba spidi ndogo inaleta besi nzito mimi siinunui. Kwenye CD ni namba tu, na redio ina hesabu zake za kurekebisha makosa, yakiwa machache inayarekebisha unasikia kile kile, yakizidi unasikia tik tik au inaruka. Kama wimbo umepitia WhatsApp za watu wote wa mtaa na umekuja ukiwa mwembamba, utachomwa ukiwa mwembamba.

Wa laptopu, raita zenu na zile nyembamba za USB kawaida mwisho wake ni 24x, chagueni 16x au 10x, na ya USB ichomekwe kwenye kompyuta moja kwa moja kwa waya mfupi, umeme ukiwa mdogo inakwama. Kwa kwaya na mahubiri yanayoendelea bila kukata, chagua ile ya kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja, programu nyingi zinaandika DAO, la sivyo unapata ukimya wa sekunde 2 katikati ya pambio na mama wa kwaya hatakuelewa.

Kabla hujachoma mkebe wote wa diski, choma moja, sikiliza wimbo wa mwisho, si wa kwanza, na usikilize kwenye redio mbovu kuliko zote ulizo nazo, mimi nimeweka moja mezani ambayo lenzi yake imechoka kabisa, ndiyo kazi yake. Zikiruka kwa 16x jaribu 10x na 24x kwa aina ile ile ya diski. Zikiendelea kuruka badilisha aina ya diski kabla hujaanza kulaumu raita, diski ni shilingi kidogo tu.