Kuacha uhasibu ukafanye katuni? Jibu kwa mdogo wangu wa Igoma

Mdogo wangu, umeuliza kama uache chuo cha uhasibu ukafanye katuni za kuhuisha, yaani animesheni, nawe una kompyuta yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 4 tu. Chuo usiache. Kwanza hesabu zitakufaa, utaona.

Blender, programu ya kutengeneza katuni za 3D, ni ya bure, ila kwenye mashine hiyo itakutesa. Pakua Pencil2D, programu ya kuchora katuni kwa mkono, nayo ni bure na nyepesi, uchore mpira unaodunda. Sekunde moja ya katuni ni fremu 24, yaani picha 24, lakini ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili unachora 12 tu. Usiku mmoja unatosha. Mpira wa kwanza utakuwa kituko, wala usijali.

Kisha panda daladala uende mwaloni Kirumba, soko la samaki pale Mwanza, alfajiri na daftari. Tazama kuli anavyoshuka kwenye mtumbwi na gunia la dagaa: goti linapinda kwanza, bega linafuata, gunia linachelewa kidogo ndipo linatua. Hiyo ndiyo animesheni yenyewe. Mtu akichorwa bila uzito huo anaelea kama puto. Korongo nao wapo pale, wanatembea kama wazee wenye deni, wachore.

Kuhusu pesa: niliwahi kumchorea mteja tangazo la sekunde 20, nikalipwa "ahsante, Mungu akubariki". Siku hizi nachukua nusu kabla ya kushika kalamu, na idadi ya marekebisho naiandika kwenye makubaliano. Mawili, basi. La tatu analipia.

Ukimaliza huo mpira, uweke hapa tuuone.